Kinyozi Yuko Lubao

Alhamisi, Agosti 1996. Mvua ya mawe imepiga mabati alasiri yote, na sasa kumebaki baridi na harufu ya maji ya miwa. Nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijaandika.

Meneja wetu ana msemo anaoupenda: hapa kiwandani sisi ni familia moja. Aliusema siku alipotoka Nairobi kuja kumsimamia mjomba wake hiki kiwanda kidogo cha sukari nguru, na ameurudia kila asubuhi tangu hapo. Mimi ni nyapara wake, ingawa umri wangu ni wa baba yake.

Tulipofukuzwa Uganda enzi za wanajeshi nilirudi nikakuta shamba la baba limekwisha gawanywa na binamu zangu. Nilihamahama mpaka nikapata chumba nyuma ya stoo ya kiwanda hiki. Chumba hicho ndicho kinachonifunga mdomo. Sijivunii hilo, ila ni kweli.

Makokha huchochea moto chini ya makarai ya kuchemshia maji ya miwa. Mama yake alifariki, tukaenda kumzika. Pale kaburini, kama ilivyo desturi yetu, aliitwa mwajiri wa mfiwa aseme neno. Meneja hakuwepo, hakuinuka mtu. Watu walianza kutazamana, nikasimama mimi, nikasema maneno ambayo bosi hakunituma. Hilo nililimeza.

Wengine tulirudi kazini, Makokha akabaki kungoja siku ya wafiwa kunyolewa. Siku hiyo ndipo mambo ya marehemu husemwa hadharani, na mji wa marehemu hupewa mtu wa kuushika. Yeye ni kifungua mimba. Wembe huanza na kichwa chake. Nilimweleza Meneja haya yote, akaitikia kwa kichwa huku macho yakiwa dirishani.

Leo asubuhi Makokha alirudi, upara wake uking'aa. Meneja alimsimamisha langoni mbele yetu sote.

"Kwa hiyo umekosa kuja kazini kwa sababu ya nywele? Kinyozi si yuko hapo sokoni Lubao?"

Kisha akacheka, akanitazama ili nicheke naye.

Angekuwa mgeni ningemsamehe. Babu yake alizikwa ng'ambo ya mto huu huu, na nina hakika baba yake alinyolewa.

Makokha hakupandisha sauti. "Bosi, siku mama yako akienda, utampelekea kinyozi wa Lubao?"

Akaambiwa aende nyumbani. Mimi nikaitwa ofisini. Meneja anataka kesho asubuhi, wakati wa kupanga kazi, niwatangazie watu kwamba Makokha amefutwa kazi. Mimi, si yeye. "Mzee, wewe unajua kuongea nao," alisema. "Waambie taratibu, uhusiano wetu usiharibike."

Uhusiano wetu!

Nilitoka. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua mtu anayekutumia kama kitambaa cha kushikia sufuria. Hata hivyo niliwaza chumba changu kwanza, Makokha baadaye. Ndivyo ilivyokuwa.

Mvua ya mawe ilipoanza, kazi ilisimama. Nikawakuta wasaga miwa jikoni wananyoana, mmoja baada ya mwingine. Sikupenda. Niliwaambia mila haiwadai: hunyolewa watu wa nyumba na waliomuuguza marehemu. Wembe si wa kumkomoa mtu.

Mama Rispa, mpishi wetu, alikuwa anafagia nywele, zake zikiwemo. Hakuacha kufagia.

"Mzee, si yeye ndiye husemanga sisi ni familia? Basi familia imenyolewa."

Wenzake walicheka.

Tangu hapo namfikiria ndugu yangu mdogo, Silas. Alifia njiani tukikimbia kurudi Kenya. Tulimfukia kando ya barabara tukaendelea kutembea, kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na bunduki. Hakuna aliyetuketisha chini, hakuna aliyeshika wembe. Nywele nilizovuka nazo mpaka wa Kenya nimezikata mara nyingi kwa vinyozi, Lubao na kwingineko. Kunyolewa kwa ajili yake, sijawahi.

Meneja hajui hilo. Hakuwahi kuuliza nyapara wake alitoka wapi.

Nimemwomba Mama Rispa aje na beseni na wembe asubuhi, kabla ya kengele. Amenitazama sana, kisha akasema atapasha maji moto. Mila hainidai kwa mama wa Makokha. Kwa Silas inanidai.

Chumba hiki Meneja akitaka akichukue. Kuhama nakujua.

Kesho sitatangaza lolote. Nitasimama upande wa makarai, upara kama wengine, na Meneja atamfuta Makokha kwa mdomo wake mwenyewe, akiweza, akitutazama.