Kipande cha Muwati

Makambako, 14 Juni 1956

Shemeji Yoeli,

Kamwene. Huku baridi imeunguza viazi vyote.

Lile gari kuukuu ulilonishauri nimnunulie mwanetu Mika nililipata kwa bei nafuu, breki zake imara. Lakini Mika ana miaka kumi na minane tu, na barabara ya Njombe ina kona nyingi. Nikapigilia kipande cha mti wa muwati chini ya pedali ya mafuta, asikimbize. Sikumwambia.

Alhamisi iliyopita nikiwa safarini Ipelele, dada yako Tabea alishikwa na uchungu. Mika akampakia kwenda hospitali ya misheni, akakanyaga mafuta kwa nguvu zote, gari likakataa kukimbia. Tabea alikata roho njiani. Tumemzika Mahongole pamoja na kichanga.

Kipande nimeking'oa. Mika analia kwamba hajui kuendesha. Bado sijamwambia.

Ni mimi shemeji yako,
Enoki