Hawafungui Sanduku Lenye Alama Yangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijagombana kabisa na wafugaji nyuki wa kijiji cha Ziba, maana mimi ni fundi simu hapa Tabora mjini na nilibuni mashine ndogo ya kufunga chini ya mzinga, asali ikijaa inakutumia ujumbe, michoro yote nikaiweka mtandaoni bure, anayetaka atengeneze, anayetaka abadilishe, ila kwa kujivuna nikachora kwenye sanduku la kila mashine niliyowafungia watu wa Ziba alama ya mizinga ya babu yangu, na kwetu mzinga wenye alama ya mtu haufungui mwingine, ukiufungua wewe ni mwizi, basi mvua zimeanza, maji yanaingia, mashine zinakufa na hakuna anayethubutu kushika bisibisi, wananipigia mimi tu, nimechoka, hata mke wangu Julieth ameanza kuificha simu.

Sasa kuna binti wa huko, Paskazia, amepata namna ya kuzuia maji, akaniomba kwenye mkutano wa wafugaji nyuki nimkabidhi mradi pamoja na neno la siri la ukurasa wa michoro mtandaoni, nikasema mbele za watu kwamba bado hajaiva, akanijibu, "Kaka Vedasto, sema tu ni yako, tujue," akatoka, na wazee wamenipa hadi Jumapili niende nikazing'oe zote mwenyewe. Mashine hii ni mtoto wangu, mshauri. Nifanyeje?

Vedasto, Tabora

Marahaba, Vedasto. Pole kwa uchovu, ingawa umejitakia. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Wewe umetoa michoro, moyo umeukalia. Umewaambia watu chukueni, halafu ukaweka alama ambayo babu yako aliiweka ili wasichukue. Ulitegemea wafanye nini? Na Paskazia hajaiva kwa kipimo cha nani, wakati sanduku linalovuja ni lako?

Mashine si mtoto, baba. Na hata ingekuwa mtoto, binti akiolewa humfuati jikoni kuonja mboga.

Nenda Ziba kabla ya hiyo Jumapili. Mwombe Paskazia radhi mbele ya watu walewale. Kwangua alama ya sanduku la kwanza kwa mkono wako, wazee wakiona, kisha mpe yeye bisibisi aendelee. Neno la siri mpe hapohapo, alibadilishe, na usimuulize jipya ni lipi. Atakosea, kama wewe ulivyokosea, asipokuuliza, nyamaza. Itauma, sikudanganyi.

Ukingoja Jumapili, utarudi Tabora na gunia la masanduku, yote yako peke yako.