Msitu wa Vitovu

Mae Khopu,
Jumatatu, 31 Machi.

Kwa Kaka Lahse,

Pokea salamu. Natumaini u mzima, wewe, shemeji na mtoto, na kwamba kile kikohozi cha shemeji kimemwachia. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya watu waliovuta moshi wiki mbili. Mama anakula kidogo. Ng'ombe wawili waliokimbia wamerudi, wa tatu tumeokota mifupa. Ukitaka kuuliza habari za Mjomba Kledo, basi wewe ndiye wa kutupa habari zake, kwa kuwa yuko mahabusu mitaa miwili tu kutoka ofisini kwako, na ni maneno yako yaliyomweka humo.

Umenipigia simu mara tano nami nimekata mara tano. La kusema ninalo, ila kwenye simu wewe huongea kama uko jukwaani na mwenzio hapati upenyo. Barua haikatizwi. Kaa chini uisome mpaka mwisho, maana Ijumaa Mjomba anapandishwa kizimbani kwa kuchoma msitu wa hifadhi, naye ana miaka sabini na mmoja, na humu ndani mna jambo ambalo hakimu hajaambiwa.

Nianze na Novemba, uliposhuka kwenye gari la ofisi ya wilaya na bango lako na ile mashine ya kuonyesha picha ukutani mwa shule. Shati lako lilikuwa limeandikwa Prasit kifuani, jina lako la ofisini. Bi Nokae akaniuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote, huyo Prasit ni mgeni gani, mbona anafanana na Lahse aliyekuwa akimkojolea mgongoni akienda naye kupalilia mpunga. Watu walicheka sana. Wewe hukucheka, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Ukatuonyesha ramani yenye nukta nyekundu. Ulisema kila moto unaowashwa, hata wa kuchoma taka uani, huonwa na chombo kilichoko angani na kutiwa nukta, na wilaya yenye nukta nyingi huaibika mbele ya nyingine. Kwa hiyo mwaka huu Mae Khopu haitakuwa na nukta hata moja, kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili. Atakayewasha, pingu.

Mjomba akasimama akakuuliza, kwa adabu kuliko ulivyostahili, habari za majani. Alisema majani yakichomwa Januari, umande ungali upo, moto hutambaa chini kama kuku anayedonoa na mtu anaweza kuufuata na reki. Yasipochomwa Januari yatachomwa Machi, na Machi haimngoji mtu na reki yake. Alikukumbusha kwamba mmetukataza miaka miwili iliyopita pia, kwamba huu utakuwa wa tatu, na kwamba mle katika msitu wa vitovu majani yanamfika mtu magotini. Wewe ukamjibu moto ni moto. Ukamwambia mzee apumzike, mambo haya sasa yana wataalamu. Mzee wa watu, aliyekufundisha kutembea juu ya gogo la mtoni! Ndipo akasema yale maneno, kwamba mkikataza atawasha mwenyewe. Ulikuwa na daftari mapajani. Nilikuona ukiandika.

Sasa nikwambie aibu yangu, Kaka. Mimi nilikuamini. Uliponivisha kile kizibao cha kijani na kusema mimi ndiye mwelimishaji wa kijiji, nilijiona mtu. Nilipita nyumba kwa nyumba na karatasi zako za picha. Niliwaimbisha watoto shuleni kwamba moto ni adui. Huko nilikopita waliniuliza kama kaka yangu ameshanunua ufagio wa kutosha kufagia mlima mzima. Bi Nokae alinikatalia hata pilipili ya kuomba, akasema nikaombe kwa Bwana Prasit, huko ofisini bila shaka zinaota mezani. Nilivumilia nikidhani ni ujinga wao. Kumbe mjinga alikuwa amevaa kizibao.

Ilipofika Januari nilimkuta Mjomba asubuhi akipanda na reki yake na chupa ndogo ya pombe ya mchele ya kuwapa mizimu, wenye mlima, kama afanyavyo kila mwaka kabla ya kusafisha chini ya miti ya vitovu. Nilisimama katikati ya njia. Nilimwambia akiwasha nakupigia simu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika reki, alinifundisha kuparua mpaka udongo mwekundu uonekane, alinifundisha kuusoma upepo kwa moshi wa kiko. Hakubishana. Alikaa juu ya jiwe, akavuta kiko mpaka kikaisha, akageuka akarudi nyumbani. Hakunisemesha mpaka Februari.

Februari tuliomba angalau tufanye ukanda wa kuzuia moto. Nyumba arobaini na moja, kila moja ilitoa mtu na reki. Tuliparua kileleni siku sita, upana wa hatua nne, kazi safi isiyoacha hata jani. Tulipofika kwenye nguzo ya hifadhi tukasimama, kwa sababu ulisema ng'ambo ya nguzo kukata hata kichaka kunahitaji barua ya ruhusa. Zilikuwa zimebaki hatua mia mbili kufika kijito. Hatua mia mbili, Kaka, watu wale wangezimaliza kabla ya chakula cha mchana. Barua yako imefika tarehe ishirini na nne mwezi huu, ina muhuri mzuri sana. Mwenyekiti ameikunja akaitia mfukoni bila kuisoma, kwa kuwa moto ulikuja tarehe kumi na sita.

Nani aliuwasha ule moto wa kwanza sijui, na wewe hujui. Ulitokea ng'ambo ya mlima. Wapo wanaosema wawindaji, wapo wanaosema nyaya za umeme. Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula, upepo unatusukuma vifuani. Tulipofika kileleni tuliuona ukiteremka kwa sauti ya mvua ya mawe. Ulipokuta ukanda wetu ulisimama ukafa wenyewe, wanaume wakapiga vigelegele kama wanawake. Halafu ukaipata ile nafasi karibu na kijito, ukapita.

Mjomba alitazama moshi akasema tuna nusu saa kabla haujafika kwenye mapaa. Alisema limebaki jambo moja, nalo ni kuwasha moto wetu kutoka chini, uupande mlima, uule chakula cha yule mwingine kabla hajakifikia. Wote walijua maana yake. Chini ni msitu wa vitovu.

Kila mwanamume aliyekuwa pale ana mti wake mle na miti ya watoto wake. Umekulia hapa, sina haja ya kukueleza jinsi baba zetu walivyotia vitovu vyetu ndani ya mianzi wakavifunga kwenye magome, na kwamba mti huo ukianguka roho ya mwenyewe hutangatanga. Hata ndege aliyetua juu yake hapigwi manati. Mama akiota vibaya juu yako, hadi leo hupanda kwenda kuushika mti wako aone kama una baridi. Miaka ile tulipokuwa tukisafisha na kuchoma Januari, moto ulikuwa ukipita mle kwenye vifundo vya miguu na miti isijue. Kwa majani ya miaka mitatu ungepanda mpaka vileleni. Mkwe wa Bi Nokae alisema atakayewasha atamkata mkono. Mwenyekiti akasema tusubiri msaada wa wilaya, yaani wewe. Tulikupigia. Ulisema mko njiani na kwamba tusiwashe chochote.

Mjomba alichukua mwenge wa mwanzi akauwasha. Alisogea mpaka kwenye mti wa mjukuu wake mkubwa, akainama. Akaligusa gome kwa kiganja, cheche zikimwangukia miguuni. Kisha akaukanyaga mwenge ukazimika, akasema kwa sauti ndogo kwamba hawezi, twendeni tukatoe watoto na mpunga. Wote waliteremka mbio. Hayo ndiyo masizi mliyoyakuta viganjani mwake, na huo ndio mwenge mlioubeba kama ushahidi. Niapishwe kwa lolote: mwenge ule haukuchoma hata jani moja.

Aliyewasha ni mimi.

Nilibaki nyuma, nikavua kizibao chako, nikakichana, nikakizungushia fimbo na kukichovya katika mafuta ya mashine ya kupulizia majani tuliyopanda nayo. Niliwasha mahali kumi na tatu, kwa jinsi Mjomba alivyonifundisha, nikirudi nyuma dhidi ya upepo. Mjomba aligeuka njiani akaniona. Alirudi na reki yake akashika pembeni, akawa anaua ndimi zilizotaka kushuka kijijini, mimi upande huu na yeye upande ule. Mimi ndiye niliyemzuia Januari kwa moto mdogo, akanisaidia Machi kwa mkubwa. Mlipofika mlimkuta yeye juu kwa kuwa miguu yake haikimbii. Mkamuuliza, akafunga mdomo. Mkauliza kama aliwahi kutishia kuwasha, nawe ukafungua daftari.

Kuna jingine, na hili ni kati yangu na wewe. Nilianza na mti wako. Mwanzo nilijiambia ni kwa sababu uko pembeni na majani yake ndiyo marefu. Si kweli. Ningeweza kuanza na wangu, uko hatua tano tu kutoka pale. Nilikuwa bado naisikia sauti yako kwenye simu ikituambia tusiwashe chochote, nikakuchukia kwa moyo wote, nikainama nikawasha shinani pako kwanza. Ulishika mara moja. Wangu ulishika wa tatu, wa mwanangu wa nane. Sikuombi msamaha kwa kijiji. Nyumba zote arobaini na moja zimesimama, na ghala za mpunga, na shule. Kwa ule mti mmoja, siku ukija nitakuomba, ila si kwenye karatasi.

Miti mia moja na kumi na tisa imekufa. Watu wanaamini ni Mjomba. Bi Nokae amemmwagia mke wa Mjomba majivu mlangoni, na hakuna anayempelekea hata kuni. Wanasema Mjomba aozee huko mahabusu. Wanaume waliokuwa pale walimwona akiukanyaga mwenge, lakini wanadhani alirudi, na inawafaa kudhani hivyo, maana mtu akishapatikana wa kuchukiwa kazi imekwisha. Nami nimenyamaza siku kumi na tano nikila wali wa nyumba aliyoiokoa. Nilijiambia nina mtoto anyonyaye. Mjomba naye ana kifua kibovu na sakafu ya saruji.

Alhamisi asubuhi nitateremka na lori la kabichi. Nitakuja na mtoto, kwa hiyo mtafute pa kutuweka wawili. Nataka uniandike maelezo wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kama ulivyoandika ya Mjomba, usimwachie karani. Uniulize kwa nini majani yalifika magotini, nami nitajibu, na uandike na hilo.

Nakujua, wewe ni kaka yangu. Utataka kuichana barua hii kwa kunihurumia, ujiambie mzee keshakula chumvi nyingi na mimi nina mtoto. Kwa hiyo nimeiandika mara mbili. Nakala ya pili iko kwa mwenyekiti katika bahasha iliyofungwa, na Ijumaa jioni, Mjomba awe amerudi au hajarudi, ataisoma kwenye kipaza sauti cha kijiji. Bi Nokae ataisikia, na mkwe wake mwenye panga. Nimekubali.

Mama anakusalimu. Amekusokotea uzi mweupe wa kukufunga mkononi, akisema roho yako sasa haina pa kulala na usiendeshe gari kwa kasi. Hajui ni nani aliyeifukuza. Nitamwambia leo baada ya chakula, nimenunua samaki mkavu anaompenda. Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Yeye alizaliwa hospitali, hana mti huku, hakupoteza kitu.

Usinijibu. Fungua tu mlango wa ofisi mapema.

Ni mimi dada yako,
Pawthu