Salamu Kupitia kwa Ng'ombe

Lufingo, Rungwe
12 Mei

Kwa dada yangu mpendwa Esnath,

Pokea salamu za mvua, maana mwezi huu Lufingo hatuna nyingine za kukutumia. Sisi ni wazima, hata goti la mama limetulia. Natumaini wewe, shemeji Abrahamu na watoto huko Morogoro hamjambo. Utashangaa kukuta barua ndani ya gunia la ndizi wakati simu ipo. Ninayo sababu, isome taratibu mpaka mwisho.

Kwanza nijisifu kidogo. Tangu mwaka jana mimi ni msindikizaji wa wazazi. Zahanati ilitufundisha wanawake sita kukaa na mama kabla na baada ya kujifungua. Mkunga anazalisha, sisi tunamshika mkono mzazi, tunafua nepi, tunapika ndizi za mbalaga, na zaidi ya yote tunamsikiliza. Unaujua mdomo wangu. Huko kusikiliza ndiko kulikonitoa jasho.

Mzazi wangu wa tatu alikuwa Lusungu, mkwe wa mzee Ambindwile. Alijifungua salama, mtoto wa kiume mwenye mashavu. Wiki ya tatu mzee alinifuata nikichuma chai, kofia mkononi, akasema nyumba ya mwanawe imenyamaza: mtoto analia na mama hambembelezi. Nikamuuliza kwa nini asiongee naye mwenyewe. Akanitazama kama niliyemtukana. Yeye ni wa zamani, kwake mke wa mwana hatazamwi usoni wala hasemeshwi.

Nilimkuta Lusungu kitandani, macho kwenye bati. Aliniambia mtoto wake alistahili mama mwingine. Shangazi yake, aliyekuja kumsaidia, akasema huyo ni mvivu tu, anajidekeza. Neno hilo lilinichoma, na nitakwambia kwa nini. Nilimpeleka Lusungu zahanati, muuguzi akatueleza kwamba ile ni sonona ya baada ya kujifungua, ugonjwa wenye tiba kama malaria, wala si tabia. Akawa anaonwa kila wiki, nami nikienda kwake kila asubuhi.

Sasa cheka. Mzee aliposikia kwamba mkwewe anahitaji maneno mema, alitafuta njia isiyovunja mwiko. Kila kulipokucha alimfunga ng'ombe wake karibu na dirisha la Lusungu, akamwambia ng'ombe kwa sauti kubwa kwamba yeye si mvivu, kwamba kuzaa ni kazi nzito, kwamba apumzike, ale ashibe, maana nyumba hii inampenda. Ng'ombe mwenyewe ni mtamba, hajazaa hata mara moja. Siku ya tisa Lusungu alicheka, nami nilikuwepo. Haikuisha siku hiyo, dada, kulikuwa na asubuhi nyingi za machozi bado. Lakini mwezi wa pili alimpakata mwanawe dirishani, akamwomba kwa sauti ya kufika nje amwambie babu ndaga, asante. Mzee alijifuta macho, akadai ni mvua.

Basi nifike kwenye sababu yangu. Ulipomzaa Hellen, miaka kumi na sita iliyopita, kabla hamjahamia Morogoro, nililetwa kwako kukusaidia. Ulikaa ukitazama ukuta, nami nikachoka kufua. Mama alipoleta unga nikamwambia wewe ni mvivu. Akakugombeza mbele ya majirani, akakataa kusema nani amemwambia. Wewe ukaamini ni mama mkwe wako, kwa kuwa alishinda hapo asubuhi ile, na hadi leo hukanyagi kwake.

Si yeye, dada. Ni mimi. Nilinyamaza kwa woga, halafu kwa aibu, halafu nikazoea. Hukuwa mvivu, ulikuwa mgonjwa, na hakuna aliyekusikiliza. Naomba unisamehe, na kama huwezi sasa, nitangoja.

Jumapili nilikwenda kuungama kwa mama mkwe wako. Alikuwa anamenya ndizi na hakuacha kumenya. Alisema alijua tangu siku ile, alinisikia kwa masikio yake. Nikamuuliza kwa nini alikubali kubeba kosa langu. Akajibu kwamba mtu anaweza kuishi bila mama mkwe, lakini wa tumbo moja wakikosana, nani atawapatanisha?

Ndizi za gunia hili amezikata yeye. Na zile za miaka yote, ulizokuwa ukimshukuru mama, zilikuwa zake pia.

Mama anakusalimu sana. Lusungu naye, na mtamba wa mzee, ambaye sasa ana mimba na mawaidha yote ameshayasikia. Ukija Desemba usianzie kwangu. Anzia kwake, mimi nitakuwa nimesimama barabarani nikisubiri kuitwa.

Mdogo wako akupendaye,
Tulinagwe