Choya Yangu na Majamvi ya Darini

Jumatatu, 6 Julai
Binti yangu Salma kaanza kazi maabara, mjini Chake. Anapima mabaki ya dawa za wadudu kwenye maua ya kunywa. Alhamdulillahi. Nimechuma choya, haya maua mekundu ya kinywaji, tangu asubuhi, vidole vyekundu, mgongo hauna hamu. Wawi nzima wanajua habari ya Salma. Asiyejua nimemfuata nyumbani kwake.

Jumatano, 8 Julai
Wanapima choya za sokoni na za wakulima. Salma kachukua na yangu, iwe mfano wa ua safi. Shambani kwangu halijaingia bomba la dawa hata siku moja. Wadudu nawatoa kwa mkono. Kwa furaha nikagawa mifuko ya choya kavu mtaani. Bi Time, jirani yangu mwenye presha, kauliza, "Na miye nitapimwa?" Mdomo wake hauna breki.

Jumapili, 19 Julai
Choya za sokoni safi. Yangu ina dawa.
Nimemwambia Salma mashine yao mbovu. Kisha nikasema basi tuichemshe, moto unamaliza kila kitu. Kasema, "Mama, moto unaua vijidudu. Hii si kijidudu. Na ua likikauka maji yanatoka, dawa inabaki. Kila kijiko kinakuwa nayo zaidi."
Nimekasirika. Nimeishia darasa la saba, vijiko sikusomea.
Majibu haya ataenda kuwaeleza akina mama pale skuli. Aseme choya yenye dawa ni ya mamake? Aibu yangu nitaibeba. Yeye kazi bado mpya.

Jumatatu, 20 Julai
Tumejua. Salma kaniuliza hatua kwa hatua. Nachuma. Naosha. Naanika juu ya majamvi tunayoanikia karafuu, kama kila mtu. Msimu wa karafuu ukisha tunayakunja, yanakaa darini. Mwaka huu mende walianza kuyatafuna, nikayapulizia dawa, tena vizuri, kila kona. Nilipojisikia nikisema hivyo nikaelewa. Choya mbichi, mie nimeilaza pale mwenyewe.
Nimezunguka kukusanya mifuko. Yote imerudi. Bi Time alishakunywa vikombe viwili. Salma kamwambia ni kidogo, ila asinywe tena, na akijisikia vibaya aende hospitali. Bi Time kajishika tumbo. "Basi mende wangu wa ndani wamekwisha." Tumecheka mpaka Salma kaona haya.

Jumatano, 29 Julai
Safi. Choya mpya iliyopimwa, nimeianika kwenye shuka jeupe juu ya kichanja. Salma kapiga simu kunambia. Nikamwambia arudie. Karudia. Nikaweka sauti kubwa Bi Time asikie, nikamwambia arudie tena. Nani mwengine hapa ana mtoto wa hivi?

Alhamisi, 30 Julai
Salma alitaka skulini aseme "mkulima mmoja" tu. Nimekataa. Anitaje kwa jina, na la babangu. Nusu ya Wawi wanapulizia majamvi yao, na maua yao bado mabichi, hawajayaanika. Wakisikia ni mie, wataamini.
Yale majamvi hayataanikiwa tena kitu cha mdomoni. Shuka nimelifua, liko kambani. Choya safi nimeifunika. Majagi ya kinywaji nimeazima. Bi Time kashasema atakaa mbele, acheke vizuri. Acheke.
Skulini, Jumapili baada ya alasiri. Waje wote.