Mlima Kwenye Ubavu wa Tairi

Shambani, Montana
4 Oktoba

Rhett mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila goti linaijua baridi kabla ya redio. Kifua chako kinaendeleaje huko mjini? Bado unalala dirisha wazi?

Umeniuliza ununue matairi gani. Yale ya meno makubwa usiyaguse. Kwenye matope ni mafahali, kwenye barafu yanateleza kama siagi kwenye kikaango. Babu yako aliyapenda, na mara mbili nilimvuta mtaroni kwa trekta. Chukua ya njia zote, yenye michanjo midogomidogo juu ya meno. Hiyo ndiyo inayong'ata theluji. Ubavu uwe mnene, maana mawe ya pale kijitoni hayana adabu.

Lakini mbona unauliza leo, wewe ambaye hujapanda huku tangu masika? Mapatano yetu unayajua. Ukiweza kunipandishia kuni na chakula cha ng'ombe kila Jumamosi mpaka theluji iyeyuke, nabaki kwangu. Usipoweza, nahamia kwa shangazi yako Idella na shamba linauzwa. Basi nisisikie umenunua matairi ya kupendezea mabinti.

Bibi yako

Mjini
15 Oktoba

Shikamoo Bibi,

Kifua kimepona, dirisha nafunga. Nimenunua ya njia zote, ubavu mnene. Fundi alitaka kuniuzia ya meno makubwa, nikamwambia bibi yangu amekataa. Alicheka, nikamwacha acheke. Picha hii hapa. Theluji ikianguka, Jumamosi utaniona.

Mjukuu wako,
Rhett

Shambani
23 Oktoba

Rhett,

Hujambo? Nauliza kwa adabu tu.

Picha nimeitazama kwa miwani ya marehemu babu yako juu ya miwani yangu. Ubavuni mwa tairi mna mlima wa ncha tatu, na ndani yake chembe ya theluji. Unadhani siijui alama hiyo? Ndiyo iliyo kwenye bendera ya kampuni ya skii, ya watu wa kuteleza thelujini, pale chini, wale wanaoniletea keki kila Krismasi ili niwauzie korongo langu. Sasa wanakupa hata matairi? Orrin jirani aliniambia posta kwamba pikapu yako aliiona imeegeshwa uani kwao. Nilimwambia achunge ng'ombe wake. Leo namwamini.

Geti nimelifunga kwa mnyororo.

Bibi yako, kwa sasa

Mjini
4 Novemba

Shikamoo Bibi, hata kama huitikii.

Mlima ule si wa kampuni. Ni alama ya tairi lililojaribiwa kwenye theluji nzito likafaulu. Mengine yameandikwa M na S tu, yaani matope na theluji, lakini hayakupitia jaribio hilo, ndiyo maana sikuyataka kwa ile njia yako ya kupanda. Muulize Dagny anayeleta barua, akuonyeshe yake. Haya yangu nimeyapitisha kwenye changarawe, hayanung'uniki. Pale kwenye mchanga wa mtoni nilipunguza upepo kidogo, yakashika vizuri, halafu nikajaza tena kabla ya lami. Tafadhali fungua geti.

Rhett

Shambani
12 Novemba

Rhett,

Marahaba. Unakula?

Nimemsimamisha Dagny barabarani, nikapiga magoti kwenye matope, nikafuta tairi lake kwa mkono wa koti. Mlima upo. Dagny akasema, "Bibi Arlys, na mimi wamenihonga? Mbona keki sijaiona?" Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Haya, mlima si wao. Wao ndio walioiga.

Lakini nilikuuliza mambo mawili. La matairi umelijibu ukurasa mzima, mpaka upepo. La uani kwao, hata neno. Mimi shule niliishia darasa la sita, ila kuhesabu mpaka mbili najua.

Bibi yako

Mjini
20 Novemba

Shikamoo Bibi,

Ni kweli. Wameniajiri kukwangua theluji kwenye barabara yao. Habari za shamba hawajaniuliza, na wakiuliza nitawaleta kwako wakione cha moto. Nilikuficha kwa sababu nilijua utafunga geti, na ukalifunga vilevile. Shida ni Jumamosi. Theluji ikizidi wananitaka siku zote. Sijawajibu.

Rhett

Shambani
1 Desemba

Rhett mjukuu wangu,

Mimi mzima. Wewe najua u mzima, nimekuona.

Jana theluji ilianguka tangu alfajiri, siku yenyewe wanayokutaka wao. Nikasema, huyu hapandi. Ukapanda. Nilikuacha usimame getini kitambo kabla sijaja na ufunguo, nikikuchungulia usoni. Kwenye kahawa ukaniambia umeshawajibu: Jumamosi asubuhi ni ya bibi, wao wangoje. Nilikuongezea kahawa, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Mtu anaweza kuanzia kwao akaniletea mimi makombo ya siku.

Theluji ilikata ulipofika tu, nawe baadaye ukaondoka. Nikachukua fimbo, nikashuka mpaka njia panda. Alama za matairi yako zilikaa pale kama zimepigwa chapa, kila mchanjo unaonekana. Za kurudi zilikunja kushoto, kwao. Moyo ukanipasuka. Kisha nikainama nikatafuta za kuja. Zimetoka kulia, upande wa mjini, zikapanda moja kwa moja. Nilizifuata nyuma mpaka pua ikafa ganzi, nikihakikisha. Hakuna mahali ulipopitia kwao kwanza.

Leo nimemwandikia Idella: chumba alichoniwekea akipangishe.

Jumamosi niletee chumvi ya ng'ombe.

Bibi yako