Doa Chini ya Buti

Bwaise, Kampala
Jumapili, 9 Novemba 1975

Mdogo wangu Aoko,

Pokea salamu zangu, na umfikishie mama zake kabla hujaendelea kusoma. Mguu wake unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma mwezi wa nane ilimfaa? Mimi ni mzima, nakula, nalala. Mwandiko huu usikushtue. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki sawasawa, na sababu yake utaijua. Barua hii nitampa Nafuna, yule mama wa vitenge anayevuka mpaka pale Busia, maana barua za posta hapa siku hizi zinasomwa na watu wengi kabla ya mwenyewe. Ukimaliza, ichome.

Najua unangojea habari za Nashon, kama kweli atafika Desemba na ng'ombe wa mahari. Atafika. Lakini nisikilize kwanza.

Mimi ndiye niliyemleta Kampala. Nilimpa nusu ya kitanda changu, na maji ya mvua yalipoingia chumbani tulipanda mezani wote wawili tukacheka kama wajinga. Nikamfundisha kazi ya kung'arisha magari bila kumficha kitu, kama mzee Kartar, yule Kalasinga, alivyonifundisha mimi kabla Wahindi hawajafukuzwa. Gereji yake pale chini ya Bugolobi sasa ni ya Faruk, ambaye rangi haijui wala brashi haijui.

Mzee Kartar alikuwa na sheria moja. Dawa za kusugulia rangi zipo laini na zipo kali. Laini inahitaji siku mbili kuondoa mkwaruzo. Kali, yenye chenga, inauondoa kwa saa moja, lakini rangi ikiwa nyembamba inaila mpaka chini. Kwa hiyo anayefungua mkebe anaijaribu kwanza mahali mwenye gari hapaoni, chini ya ukingo wa buti, kule nyuma ya gari, doa la ukubwa wa shilingi. Mmoja anajaribu, mwenzake anamwamini. Kwenda kuchungulia nyuma yake ni kumwita mwongo, na sisi hatukufanya hivyo hata mara moja.

Mwezi wa tisa ikaja Benzi nyeusi ya meja mmoja. Jina lake siliandiki. Boneti ilikuwa imekwaruzwa na seng'enge. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, naye alilitaka gari kesho yake, Jumamosi, kwa harusi yake. Faruk akatangaza kwamba likitoka vizuri mimi nitakuwa msimamizi wa gereji. Nashon akanipongeza mbele ya watu wote. Mimi nilitaka dawa laini, meja aombwe siku moja zaidi. Nashon akaniuliza nani atakwenda kumwomba. Hapo alisema kweli. Akatoka mpaka Nakivubo, akarudi na mkebe wa magendo usio na karatasi, dawa kali. Nikaenda kunawa mikono na kutafuta vitambaa safi, na niliporudi nikamwuliza kama ameijaribu. Akasema ameijaribu, rangi iko imara, nisugue bila wasiwasi.

Nikasugua. Ala! Kupitisha kitambaa mara ya tatu, naona wekundu wa rangi ya chini katikati ya boneti, upana wa sahani. Meja alipokuja, Nashon alikuwa amesimama pale anafuta mikono. Akamwambia kwamba yeye alinionya nisitumie dawa ile, ila Mkenya huyu anajifanya anajua kila kitu. Mkenya! Mtu tuliyetoka naye kijiji kimoja! Askari wa meja wakanitupa ndani ya gari lao.

Nilikaa kizuizini kwao siku kumi na moja. Yote sitakueleza. Vidole walivivunja siku ya pili. Na muda wote huo, haki ya Mungu, nilimtetea Nashon moyoni. Nilisema ameogopa tu, na nani haogopi hapa? Nilisema labda hakujaribu vizuri. Waliponiuliza nani alinunua dawa, sikumtaja, kwa ajili yako.

Walinitoa kwa sababu hawakupata fundi mwingine wa kuulinganisha weusi ule. Meja aliagiza nimrudishie boneti yake. Nilipofika gereji nikakuta tuna msimamizi, na msimamizi ni Nashon. Alinishika mabega akalia machozi kabisa, akaniletea chai. Nikainywa.

Kisha nikafungua buti nitafute mahali pa kulinganishia rangi, nikaliona. Doa la ukubwa wa shilingi, limeliwa mpaka kwenye wekundu. Aoko, alijaribu! Dawa ilikula rangi mbele ya macho yake, akafunga buti, akaja kuniambia nisugue. Uoga ningemsamehe. Hili nimejaribu kulisamehe, nimeshindwa. Mtu nimemlisha, nimemsifu kwa mama mpaka mama akakubali, halafu ananipeleka machinjioni ili ashike funguo za gereji!

Sasa nikuungamie jambo. Meja mwenyewe alikuwa hatua chache nyuma yangu. Akaniuliza ninatazama nini. Ningemwonyesha doa lile, Nashon asingefika jioni. Nikamjibu natazama rangi, bwana mkubwa. Nikachukua brashi nikalifunika. Usidhani nilimwonea huruma. Niliogopa kukufanya mjane kabla hujaolewa. Kwa meja nimelifunika, lakini kwako sikuweza.

Uamuzi ni wako, na wazee sitawaambia neno mpaka nipate jibu lako. Atakuja amevaa shati langu la bluu. Mpe maji anywe, mkalishe mbele ya mama, halafu mwulize kitu kimoja tu: ile dawa ya Benzi, alipoijaribu chini ya buti, aliona nini? Usimsaidie kujibu. Mtazame usoni.

Mama mwambie vidole nilibanwa na mlango wa gari. Wasalimie majirani, na yule mjomba asiyependa kusalimiwa.

Nakomea hapa. Nashon amerudi kutoka kanisani, bado tunalala chumba kimoja. Ameketi kitandani anavua viatu, ananiuliza namwandikia nani. Nimemwambia nakuandikia wewe. Amefurahi sana, anasema nikusalimie.

Kaka yako,
Cleopas Ochola